Habari Niliyomfichia Mume Wangu

Mume wangu ni Mjerumani, dereva wa kupeleka mizigo hapa London, na kwa miaka kumi na tisa niliyoishi naye hajawahi kunificha jambo. Nikinenepa ananiambia nimenenepa. Mchuzi ukizidi chumvi anasema umezidi chumvi, halafu anaumaliza wote. Mwanzoni nilikuwa nalia chooni. Kwetu Tanga mtu akiharibu mchuzi unamwambia "mtamu, ila leo sina njaa," na mpishi anaelewa mwenyewe. Yeye njia hizo hazijui. Bingwa wa kuficha ndani ya nyumba yetu nilikuwa mimi, na siku moja nilimficha jambo ambalo sikuwa na haki ya kulificha. Ndilo ninaloliandika hapa.

Alikuja London kijana kabisa, kufanya kazi kwenye tanuri la mikate, akahamia ghalani, mwisho akanunua gari la mizigo lililotumika akajiajiri. Watu wakisikia mtu kajiajiri wanadhani ni ubosi. Ubosi gani, jamani? Hana likizo, hana siku ya kuumwa. Akilala na homa hakuna wa kumshikia kazi, na mteja akikosa mzigo wake mara moja tu, wiki inayofuata kazi kapewa mwingine. Mafua hayajawahi kumlaza. Alfajiri anapanga mizigo nyuma ya gari kwa kufuata mitaa, wa mwisho kushushwa ndio unaoingia kwanza, na ukisogeza boksi moja tu atajua. Nilizoea kumtania kwamba siku akifa atauliza kwanza yeye ni wa ngapi kushushwa. Anacheka mpaka anakohoa.

Alikuwa na sharti lake moja la kazi. Akiwa barabarani hapokei simu za watu. Simu yake mwenyewe inabaki nyumbani juu ya friji, anabeba ile ya kazi tu, ya kumwonyesha njia na ya kusainiwa mizigo. Namba ya simu ile walikuwa nayo wateja wake wachache na mimi. Hata dada yake kule Ujerumani hakuwa nayo, alikuwa na yangu. Siku aliyonipa namba ile aliniambia nisipige ila kwa jambo kubwa. Nikamuuliza nitalijuaje hilo kubwa. Akanijibu, kwa Kiswahili chake kile cha kukata kata, "Wewe utajua."

Sasa mama yake. Alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, mwembamba, anaishi mji mdogo ambao hata treni inapita bila kusimama. Mimi na yeye hatukuwa na lugha moja. Tukienda kumtembelea ananikalisha jikoni tunamenya viazi, na kila ganda langu analiokota, analiinua kwenye mwanga wa dirisha, anatikisa kichwa kwa jinsi lilivyo nene. Loh, bibi yule! Halafu usiku anakuja kunifunika miguu na blanketi. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani sikumjali.

Baba yake mume wangu alifariki zamani, kabla sijamjua mwanawe. Mwanawe alikuwa London anamalizia kupeleka mizigo, akasema atasafiri kesho yake, na kesho yake ikawa amechelewa. Kwa hiyo alimwahidi mama yake kwamba siku yake yeye itakapofika atakuwepo. Alimwahidi mbele yangu, amemshika mikono yote miwili, na aliponitafsiria baadaye macho yake yalikuwa mekundu. Mambo mengine yote ya maisha yake aliyapanga kwa kalamu na saa. Hili aliliahidi kwa moyo, na nilijua hana ahadi nyingine kubwa kuliko hiyo, hata ile aliyoniapia mimi siku ya ndoa.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimepumzika siku hiyo. Kazi yangu ni ya kuhudumia wazee majumbani, na zamu yangu ilikuwa kesho yake. Yeye alishaondoka kwenda kupakia mizigo Ilford, kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa anayeuza vyombo vya jikoni, aizungushe kwa wateja hadi upande wa Kenton, kule mwisho wa mji. Simu yangu ikalia. Wifi yangu.

Kiingereza chake ni kama changu, cha kujengea nyumba na si cha kupambia. Akasema, "Mama yuko hospitali. Daktari anasema ni leo. Anamuulizia mwanawe. Mwambie aje sasa hivi." Hakulia. Sauti kavu, imenyooka.

Nikakaa chini pale pale jikoni. Si kwa sababu bibi alikuwa anakufa. Ni kwa sababu nilijua ameshakufa.

Nieleze, maana asiyetoka kwetu ataniona mwendawazimu. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, jitahidi uje. Mimi mwenyewe baba yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia akasema, "Baba hali yake si nzuri, anakuulizia." Anakuulizia! Maneno yale yale. Nikapanda ndege na dawa za presha za baba kwenye begi, na akilini nilishajua, na sikutaka kujua. Nilipofika mtaani kwetu nikaona turubai na viti vimepangwa nje, shangazi zangu wakanipokea mikononi kabla sijaanguka. Nilimshukuru kaka yangu kwa uongo ule, na ninamshukuru mpaka leo. Na aliye barabarani ndiyo kabisa. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori; mpuuzi mmoja akampigia akamwambia mkeo kafariki, lori likaingia korongoni pamoja naye. Tukazika wawili wiki moja.

Basi niliposikia sauti ile kavu ya wifi nikasema, maskini, kajikaza. Kafundishwa na nani kusema vizuri hivi? Nikamjibu kama tunavyojibu sisi, "Sawa wifi yangu. Yuko njiani. Anakuja." Akasema asante, akakata.

Nilimpigia shoga yangu, Mzanzibari, muuguzi, mtu mzima kuliko mimi, ambaye misiba yote ya watu wetu huku Lewisham anaisimamia yeye. Nilimweleza neno kwa neno. Akavuta pumzi. "Wakishasema njoo leo, ujue yamekwisha," akasema. "Usithubutu kumpigia, yuko na gari. Mwache arudi, ale, akae kitako. Tutakuja kumwambia."

Nilikuwa na namba ile. Niliitoa kwenye simu, nikaitazama. Aliniambia nitajua lipi ni kubwa, na mimi nilijua ni kubwa, na kwa sababu ni kubwa ndiyo maana sikupiga. Nilimwona akilini yuko kwenye barabara kuu ile ya kuzunguka kaskazini, malori kulia, malori kushoto, ananisikia mimi namwambia mama yako. Nikaiweka simu kifudifudi.

Siku nzima nilipika. Wali, maharage ya nazi, kuku. Nilisogeza viti ukutani, nikafagia, nikachemsha chai ya tangawizi nikajaza chupa mbili. Saa kumi na moja shoga yangu akaja na wanawake wawili wa kanisani kwangu, wamejifunga kanga. Tulizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nikawasimulia habari ya maganda ya viazi, tukacheka kidogo, tukafuta machozi. Tulimkalia matanga, mama wa watu. Tulimkalia matanga.

Mume wangu alirudi saa kumi na mbili na nusu. Alipoona wageni alifurahi, maana anapenda wageni wangu. "Shikamooni!" akasema, kwa sauti ya juu, hata kwa yule aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Akaniuliza kwa macho kuna nini, nikamwambia nawa mikono, kula kwanza. Akala. Alikuwa na njaa, hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikula sahani mbili, na kila kijiko kilichoingia kinywani mwake nilikuwa nakihesabu kuwa huruma yangu kwake.

Alipomaliza shoga yangu alikwenda kukaa karibu naye, akamshika bega. "Baba, kaza moyo. Mama ametutoka."

Akanitazama mimi. "Nani amesema?"

"Wifi alipiga."

"Alisema mama amekufa?"

"Alisema yuko hospitali. Alisema uje."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia saa tatu asubuhi.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiinuka vile. Alichukua simu yake juu ya friji, akapiga akiwa amesimama katikati ya sebule na wale wanawake watatu wa kanga. Wakaongea Kijerumani, mimi sielewi, ila nilimwona anashika ukuta. Akatugeukia akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Yu hai. Anapumua."

"Bwana asifiwe!" akapaza sauti yule mmoja wa kanisani, na akapiga makofi. Alidhani ni habari njema, maskini wa Mungu.

Mume wangu aliingia jikoni akafunga mlango. Wifi alimwekea mama simu sikioni. Nilisimama nje ya mlango nikamsikia akizungumza peke yake kwa muda mrefu, taratibu, bila kujibiwa. Ndege za jioni ile za kufika kule zilikuwa zimekwisha, akaamua kwenda na gari lake hadi bandarini akavuke na feri. Aliondoka bila begi. Nilimkimbilia nje na koti, akalipokea, akasema asante. Hata siku ile alisema asante.

Saa tatu usiku wifi alinipigia. "Mama amekufa," akasema. Hivyo hivyo, maneno mawili. Nikamuuliza mume wangu ataambiwa na nani. Akasema ameshamwambia, yuko kwenye foleni ya feri. Nilipiga kelele. Umemwambia yuko kwenye usukani? Akasema, "Aliniuliza."

Nilikwenda kwa ndege siku ya mazishi. Kanisa dogo, watu wachache, mvua nyembamba. Mume wangu alinipokea, akanibebea begi, akanikalisha mstari wa mbele pamoja na familia. Hakunitolea neno baya. Ningependa angenitukana. Mwanamume wa kwetu angenitukana, angewaita wazee, tungekaa kikao, ningelia, ningeomba radhi, ningesamehewa au ningerudishwa kwetu, lakini jambo lingekuwa na mwisho. Jioni tulipokuwa tunatembea kutoka makaburini ndipo aliponiuliza.

"Ulidhani dada yangu ananidanganya?"

"Nilidhani anakuonea huruma."

Alitembea hatua kadhaa. "Alinionea huruma," akasema. "Ndiyo maana alipiga asubuhi." Nikataka kumweleza juu ya kaka yangu, na turubai, na mjomba wangu na lori. Nilishamweleza kwa simu mara mbili. Alikuwa ameelewa, hiyo ndiyo shida, alielewa kila kitu, na mama yake alikuwa udongoni.

Usiku ule nilimsaidia wifi kuosha vikombe. Yeye anaosha, mimi nafuta. Alianza kuzungumza bila kunigeukia, kama mtu anayesoma orodha. Alisema siku ile mama alikuwa na maumivu makali. Daktari alitaka kumchoma dawa ya kuyatuliza. Mama akauliza kama dawa hiyo italeta usingizi, wakamwambia ndiyo. Akakataa. Alisema mwanawe yuko njiani na hataki akute amelala. Walimbembeleza saa tano, walimbembeleza saa nane, akakataa. Alikuwa amekamata chuma cha kitanda. Kila muuguzi akiingia anauliza, amefika? Wifi anamwambia yuko njiani.

"Kwa sababu wewe ulisema yuko njiani," akasema wifi.

Hakusema kwa ubaya. Kama angesema kwa ubaya ningeweza kumchukia, na ingekuwa nafuu. Aliniambia tu alivyoniambia yote mengine, kisha akanipa kikombe kingine nifute. Nikamuuliza kama kaka yake anajua. Akasema hapana, hajauliza, na yeye hajui kama mtu akishampoteza mama yake inafaa aambiwe na hilo. "Wewe ni mke wake," akasema. "Utajua."

Sikufumba jicho. Nilimsikiliza mume wangu akipumua kwenye kitanda alichokuwa akilala utotoni, nikajiambia nitanyamaza, hili nitakufa nalo. Ataishi vipi na picha ya chuma kile cha kitanda? Kila mtu ninayemjua kwetu angenyamaza. Mama yangu angenyamaza, na angeniita mchawi nikisema. Nilirudi London na uamuzi huo, nikakaa nao siku tatu, nikimpikia, nikimwekea maji ya kuoga, nikitabasamu. Akiniangalia naangalia pembeni. Siku ya tatu jioni aliniuliza kama ninaumwa, nikasema kichwa tu, akaenda kuninunulia dawa. Alipotoka mlangoni kwenda dukani nililia kama niliyepigwa, maana niliona kwamba naanza tena. Nimekaa tena na habari ya mama yake mikononi, na mimi ndiye ninayeamua lini anafaa kuijua.

Jumatatu alikuwa anarudi kazini kwa mara ya kwanza. Amevaa viatu, ameshika ufunguo wa gari. Hakuwa amekula. Hakuwa amekaa. Kila kitu nilichofundishwa kilinishika mdomo, na nikasema hivyo hivyo, tumesimama mlangoni, na mizigo ya watu inamsubiri Ilford. Nilimwambia juu ya dawa, na kwamba aliikataa ili asilale, na kwamba alikuwa anauliza, na kwamba neno la yuko njiani lilikuwa langu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika. Kisha akauliza, "Aliacha kuuliza saa ngapi?"

Nilimuuliza wifi hilo pia, najua nilimuuliza kwa nini. "Saa kumi na moja," nikasema. "Baada ya hapo hakuwa na kauli."

"Saa kumi na moja ya kule," akasema, "ni saa kumi ya hapa." Alikuwa anaitafuta siku ile kichwani, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, maana hasahau aliposhusha mzigo hata mmoja. Nilimwona anafika.

"Nilikuwa Kenton," akasema. "Mtu alikuwa ameagiza sufuria, na hakuwepo nyumbani. Nikakaa ndani ya gari kumsubiri. Dakika ishirini. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa nimekaa tu. Simu ya kazi ilikuwa mbele yangu."